Mpaka Agosti Ipite

Muuza kahawa tunamsikia kabla hatujamwona. Vikombe viwili anavigonganisha mkononi, mlio unatangulia kichochoroni, kisha ndiyo anatokeza yeye na dele lake la shaba, makaa mekundu chini yake. Huwa ni baada ya alasiri, jua likishaiachia baraza yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kikombe kilikuwa shilingi tano, sasa ni kumi, na sisi tunaapa kwamba kimepungua kina. Yeye anaapa kwamba ni vikombe vile vile alivyoachiwa na babake. Ushahidi hatuna, ila midomo yetu.

Tunakaa saba au wanane, Ijumaa tunazidi kumi. Yupo baharia wa zamani, makarani wawili waliofanya kazi na mawakala wa forodha, mwalimu wa madrasa, seremala, na dereva wa lori ambaye lori lake halipo tena. Vijana hupita, wakasimama kidogo huku macho yakiwa kwenye simu, wakatusikiliza kama watu wanaosikiliza redio ya jirani, wakaenda zao. Kazi yetu ni kunung'unika. Hatuoni haya kuisema. Asiyenung'unika Mombasa labda ana kisima chake.

Zamani manung'uniko yalikuwa na aina zake. Kulikuwa na ya samaki, ya mpira, ya maji ya mfereji yanayokuja saa nane za usiku na kukatika kabla ndoo ya pili haijajaa. Hayo yote yapo bado, ila siku hizi lolote utakaloanza nalo, litaishia pale pale. Ukisema mabati yako yamekula kutu, mtu atakuambia ngoja uchaguzi upite. Ukisema kijana wako anataka kuoa, babake msichana naye anasema tusifanye haraka, tuone mwaka wenyewe utakuwaje. Mwenye duka la vitambaa pale kona ameacha kuagiza marobota makubwa. Anachukua kidogo kidogo, kama mgonjwa anayelishwa uji. Kura ni 10 Agosti 2027, kwa kuwa katiba yetu imeiweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na watu washaanza kuikunja mikeka kabla mvua haijanyesha.

Baharia hutuambia kwamba nahodha husoma mawingu. Sisi tunasoma hati ya mshahara. Binti wa mmoja wetu ni mwalimu, na siku moja babake alikuja nayo barazani, tukaipokezana kama barua ya msiba. Juu kuna pesa nzuri. Chini yake kuna kodi ya mapato, kuna akiba ya uzeeni ya NSSF ambayo tangu 2023 imekuwa ikipandishwa hatua kwa hatua, kuna bima ya afya asilimia 2.75, kuna tozo ya nyumba asilimia 1.5. Hiyo ya nyumba Mahakama Kuu ilisema Novemba 2023 kwamba haikufuata katiba; kufika Machi 2024 ikawa imerudi na sheria yake mpya, imevaa kanzu nyingine. Mwalimu wa madrasa aliishika ile karatasi kwa muda, akafuata kila mstari kwa kidole, akauliza: "Na hii iliyobaki huku chini, ni mshahara au ni chenji?"

Seremala alicheka kuliko wote, maana yeye hana hati ya mshahara. Furaha yake haikukaa. Chini ya ile bima iliyoanza Oktoba 2024, mtu asiye na mwajiri anapimwa mapato ya nyumba yake, kisha mchango anatakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Ile ya zamani alilipa 500 kila mwezi, mwezi wa kazi akilipa, mwezi mkavu akikopa. Sasa akaenda kukopa kwenye chama cha mkewe, akalipa mwaka. Mkewe alipougua walifika hospitali moja, sitaitaja, tangu alfajiri. Karani wa dirishani hakuwa mtu mbaya, alimwita "mama" na kumpa kiti. Ila alisema mfumo uko chini. Walikaa mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, mfumo haujainuka, seremala akatoka nje kupiga simu za kuomba pesa taslimu. Tangu siku hiyo neno hilo limekuwa letu. Maji yakikatika, mfumo uko chini. Mtu akichelewa kulipa kahawa, mfumo uko chini.

Tunacheka, naam. Lakini mzee wa miaka sitini na tano akicheka hivyo, jueni kwamba usiku halali. Anahesabu: nikianguka mimi leo, nani atasimama dirishani?

Dereva wa lori ana hadithi yake, na ukimwacha ataisema mpaka isha. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 31 Mei 2017, kwa mkopo mkubwa kutoka China, jumla ya gharama ikatajwa kuwa shilingi bilioni 327. Tulikwenda kuitazama, tukapiga picha, hatukatai. Kisha yakaja maagizo kwamba makontena ya kwenda bara yapande treni, yakatolewe ushuru Nairobi na baadaye Naivasha. Mombasa ikabaki na harufu ya bandari bila bandari yenyewe. Malori yakalala, maghala yakafungwa, utingo wakawa waendesha bodaboda, na wale kina mama waliokuwa wakipikia madereva kule Mariakani wakazima majiko. Siku ya kuapishwa kwake, Septemba 2022, rais mpya akatangaza kwamba kazi ile irudi Mombasa. Tulishangilia, tusiwe wanafiki. Ila lori la huyu bwana lilikuwa lishauzwa kulipa deni la lori lenyewe. "Bandari imerudi," husema, "mimi ndiye sikurudi."

Deni la nchi nalo lishavuka shilingi trilioni 10. Hatujui trilioni inakaaje. Mmoja wa makarani alijaribu kutuandikia sufuri zake kwa chaki sakafuni, mtoto akapita na baiskeli akazifuta. Tunachojua ni kwamba unga wa kilo mbili uliwahi kupita shilingi 200, na kwamba mahamri ya asubuhi yamekuwa kama vifungo vya koti. Mbaazi zake ndizo hizo hizo, alhamdulillahi.

Sasa kuna jambo ambalo tukilifikia tunateremsha sauti, na muuza kahawa hujifanya anapepea makaa.

Juni 25, 2024, vijana waliingia Bungeni Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha. Kesho yake rais akasema hatautia saini. Hapa Mombasa pia walitoka, wakajaa barabarani, na wengine walikuwa wajukuu zetu, na hatukujua kuwazuia ni busara au ni woga. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu waliokufa katika maandamano yale kuwa zaidi ya 60, na kufika Desemba ilikuwa imehesabu waliotekwa, tangu mwezi huo wa Juni, kuwa zaidi ya 80. Nchi nzima ikashtuka: watu wanachukuliwa barabarani mchana, magari hayana namba, mama wanazunguka vituo vya polisi na picha.

Sisi hatukushtuka. Tulikasirika, kushtuka hapana. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa hapa Mombasa, alipigwa risasi akafa 27 Agosti 2012 akiwa garini na familia yake. Mhubiri mwenziwe, Abubakar Shariff aliyeitwa Makaburi, akauawa Aprili 2014. Si sote tuliyapenda mahubiri yao, na wapo hapa waliowapinga waziwazi. Lakini miaka hiyo walichukuliwa pia vijana wasio na jina, wauza mitumba, wanafunzi wa madrasa, na mama zao walizunguka na picha zile zile katika vituo vile vile. Bara walituambia: hao ni magaidi, serikali inajua inachofanya. Ndiyo sababu mzee mwenzetu, siku ile ya Juni runinga zikipiga kelele, alisema tu: "Karibuni." Halikuwa neno zuri. Hatukumkemea.

Na vijana wasiochukuliwa, wanaondoka wenyewe. Pwani hii na Oman ni ndugu wa miaka na miaka, kwenda Maskati au Dubai haikuwa kuhama, ilikuwa kama kwenda kwa ami. Sasa hawaendi kwa ami. Wasichana wanakwenda Saudia kufagia nyumba za watu wasiowajua, kwa mkataba ambao hawakuusoma, na pasipoti inashikwa na mwingine. Jirani yetu mmoja, Bi mkubwa mwenye heshima zake, hulala na simu kifuani kwa sababu bintiye hupata nafasi ya kupiga saa tisa za usiku tu. Tukimuuliza hali ya binti husema hajambo. Tukimuuliza atarudi lini, na yeye pia, mwanamke aliyezaa watoto sita bila kuogopa kitu, husema: baada ya uchaguzi tutaona.

Kwa nini uchaguzi? Mgeni angeuliza. Si ni siku moja, mtu anachovya kidole wino, anarudi nyumbani kula?

Basi tumtajie Agosti zetu. Agosti 1997, miezi michache kabla ya kura ya mwaka ule, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa usiku, bunduki zikachukuliwa, na watu wa kutoka bara wakaandamwa kwa mapanga na moto. Wengi walikimbilia uani mwa kanisa na vitu vyao vichwani. Maneno yaliyotangulia yalikuwa mepesi: hawa si wa huku, warudi kwao. Tuliyasikia maneno yale yakisemwa kwenye baraza kama hii. Hatukuyasema sisi, tunapenda kusema hivyo. Hatukuyakatiza pia. Miaka kumi baadaye, baada ya kura ya Desemba 2007, nchi ikawaka, watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Mwaka 2017 tulipiga kura Agosti, mahakama ikaifuta, tukapiga tena Oktoba, na kati ya kura hizo mbili biashara hapa ilikuwa kama nyumba yenye matanga. Mwaka 2022 palikuwa shwari, alhamdulillahi, lakini shwari ile tuliipita tukiwa tumezuia pumzi. Na safari hii Raila Odinga, aliyeongoza upinzani miaka mingi, hayupo. Alifariki 15 Oktoba 2025. Pwani alipendwa na alilaumiwa, mara nyingine na mtu yule yule kikombe kimoja cha kahawa hakijaisha. Swali la karani wetu ni hili: mambo yakichafuka, ni nani sasa atakayesema "rudini nyumbani" na watu wakarudi?

Hakuna aliyejibu. Muuza kahawa alimimina duru ya pili bila kuulizwa.

Mwaka huo huo wa 2027 ndio watoto wa mwisho wa mtaala wa 8-4-4 watafanya mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu wa madrasa ana mjukuu miongoni mwao. Anaogopa akifeli hatakuwa na pa kurudia, maana darasa litakuwa limefungwa nyuma yake. Hilo nalo tuliliongeza kwenye Agosti, ijapokuwa mtihani ni mwisho wa mwaka. Agosti ina mabega.

Mmoja wetu ana nyumba ya kupangisha Kisauni, vyumba sita. Mpangaji wake wa zamani zaidi ni mwalimu wa hesabu, mtu wa bara, wa Kisii, ana miaka kumi na tisa humo. Kiswahili chake sasa kina maneno ya Kimvita kuliko cha wajukuu zetu. Kila uchaguzi hufanya jambo moja: kura ikikaribia mke na watoto wanapanda basi "kwenda kusalimia nyanya", na juu ya basi kuna godoro, cherehani, mara moja kabati zima. Yeye hubaki na jiko la stima na kitanda. Kura ikipita vitu vinarudi. Mwenye nyumba hajawahi kumuuliza, na yeye hajawahi kueleza. Wote wawili huita hiyo likizo.

Maji yalipozidi kuwa tabu, mtungi wa lita 20 wa mkokoteni ukila pesa ya mboga, mpangaji alikuja na wazo la kujenga tangi la saruji nyuma ya nyumba, wagawane gharama. Mwenye nyumba alikubali papo hapo. Fundi akaja, akachimba, akajenga kuta nne mpaka kimo cha kiuno. Zikabaki kuta za juu, kifuniko na bomba. Hapo mpangaji akamwita mwenye nyumba pembeni, kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Mzee, nusu hii nimelipa. Hii nusu nyingine, naomba tuache mpaka Agosti ipite."

"Agosti gani, mwalimu? Agosti iko mbali."

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee."

Mwenye nyumba alitusimulia haya akiwa ameshika kikombe kitupu. Angeweza kumwambia: hapa ni kwako, hakuna atakayekugusa, mimi nipo. Alitaka kumwambia. Akakumbuka 1997, akakumbuka alikuwa amekaa wapi na alinyamaza vipi, maneno yakamkwama. Alichosema ni "sawa, mwalimu."

Tangi lipo mpaka leo, halina kifuniko. Mvua za masika zililijaza mpaka kwenye kifundo cha mguu. Watoto wa vyumba vyote sita huingia humo wakavua chura kwa kopo la rangi, na wa mwalimu ndiye anayegawa zamu.