Joto linasukuma mimea juu ya milima, lakini udongo haufuati

Kila mkulima wa Kivu anajua kwamba ukipanda mlima, baridi inaongezeka. Kwa kawaida joto linapungua kwa karibu digri 0,6 kila mita 100. Tangu karne ya 19, dunia imepata joto zaidi kwa digri 1 na kitu. Maana yake, mmea unaotafuta hewa yake ya zamani unapaswa kupanda karibu mita 200. Kahawa ya arabika, inayopenda digri 18 hadi 22, ni mfano ulio karibu na wakaaji wa Kalehe, Kabare na Rutshuru.

Kwa hiyo shauri linalotolewa mara nyingi ni moja: wakulima wapandishe mashamba juu zaidi. Shauri hilo linasahau udongo. Hewa inabadilika katika maisha ya mtu mmoja, lakini udongo unahitaji mamia, hata maelfu ya miaka ili utengenezwe.

Kaskazini mwa Goma, ushahidi uko wazi. Kwenye lava ya Nyiragongo ya 1977, 2002 na 2021, mvua haikosekani. Ila maji yanapotelea kati ya mawe, na mizizi haina pa kushika. Vinavyotangulia kuota ni ukoga wa kijivu unaong'ang'ania mawe, kisha kangaga. Mahindi na kahawa haviwezi kuanza hapo. Lakini lava na majivu ya zamani sana, yaliyooza polepole, ndiyo yamewapa wakulima wa Rutshuru na Masisi udongo mweusi wenye rutuba.

Katika Walungu na sehemu za Kabare, shida ni nyingine. Udongo mwekundu pale umezeeka, na mvua imekwisha kuuosha. Uchachu wake ukizidi, madini ya alumini yanayeyuka na kuchoma mizizi, na fosforasi inafungwa ndani ya udongo hata mmea usiipate. Maharagi yanahitaji pia vijidudu vya ardhini vinavyoyasaidia kupata naitrojeni. Mbegu ikifika mahali vijidudu hivyo havipo, itaota, lakini itabaki ya manjano na dhaifu.

Hali ya mimea ya porini ni ngumu zaidi, sababu haina mtu wa kuibebea mbolea. Mianzi ya Kahuzi-Biega inaweza kupanda, lakini kadiri mlima unavyopanda, ardhi inapungua na kuwa nyembamba. Kilele cha Kahuzi kiko mita 3.308. Baada ya hapo hakuna pa kwenda.

Hatari iko hapo. Mkulima ambaye shamba lake la chini limechoka ataangalia msitu wa juu, na hakuna atakayemshangaa. Lakini udongo wa msitu uliokatwa kwenye mteremko unatoa mavuno misimu michache tu, kisha mvua inaushusha bondeni. Kalehe haijasahau Mei 2023, maji na matope yalipozika watu wa Bushushu na Nyamukubi.

Serikali isingoje mashamba yafike kwenye mipaka ya mbuga. Udongo upimwe kabla ya mbegu kugawanywa. Watafiti wa INERA huko Mulungu wapewe njia za kujaribu mbegu kwenye udongo mchachu na kwenye ule wa volkano, siyo kwenye joto tofauti peke yake. Chokaa ya kupunguza uchachu ifike vijijini kwa bei ambayo mkulima ataiweza. Mitaro ya kuzuia mmomonyoko, samadi, na miti ya kivuli juu ya kahawa vinaweza kuokoa shamba la chini bila kulihamisha.

Usalama ukikosekana, kazi hiyo inakuwa ngumu, sababu hakuna anayelisha ardhi asiyojua kama ataivuna. Lakini joto halingoji vita viishe. Shamba linaweza kuhamishwa kwa msimu mmoja. Udongo uliolilisha unabaki chini.