Mama Masika hakuwa jeraha tu

Tarehe 2 Februari 2016 aliaga dunia Rebecca Masika Katsuva, mwanamke ambaye wakaaji wa Minova na wa vijiji vya kandokando, katika eneo la Kalehe, Kivu ya Kusini, walimwita tu Mama Masika. Hakuwa ametimiza miaka 50. Alikuwa amepata kuwa mke wa mtu, kisha mjane, na aliondoka akiwa mama na nyanya.

Kila anapotajwa kwenye redio, kwenye mikutano ya mashirika au mbele ya wageni kutoka ng'ambo, habari yake huanza mwaka 1998. Wenye silaha waliingia nyumbani kwake usiku, wakamuua mume wake mbele yake, naye wakambaka. Hayo ni kweli, na yeye mwenyewe aliyasema hadharani bila kujificha, wakati ambapo wanawake wengi walinyamaza kwa kuogopa haya na maneno ya majirani. Lakini alizaliwa mwaka 1966, huko Katana. Mwaka 1998 alikuwa ameishi zaidi ya miaka 30. Miaka hiyo iko wapi katika habari yake? Aliolewa, alizaa, alipika, alichagua kikwembe cha kuvaa siku ya sikukuu, alicheka na mume wake. Anayeanza habari yake usiku ule anawapa wauaji nafasi ya kufungua mlango wa maisha yote ya mwanamke huyu. Hawastahili nafasi hiyo.

Wengi wa wanaosikiliza redio kutoka kwenye nyumba za kupokelewa au chini ya shitingi wanaelewa jambo hili vizuri. Mtu akikimbia Masisi, Rutshuru au Kalehe, jina la kwanza analopewa ni "mkimbizi wa ndani". Anaandikwa kwenye orodha, familia yake inakuwa namba, na swali la kwanza ni: ulikimbia lini, mlipoteza nani? Hakuna anayeuliza alikuwa anauza nini sokoni, au kama katika kijiji chake yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo siku ya ndoa.

Mama Masika alikuwa mke. Mume alipouawa, ukoo wa mume haukumkumbatia, ulimfukuza. Wajane wengi wa Kivu wanaijua njia hiyo: mazishi yanaisha, mashemeji wanakaa kikao, na mama anatoka na watoto na kifurushi cha nguo, kana kwamba miaka aliyolima na kutunza nyumba ilikuwa ya bure. Sheria ya familia ya Kongo haimtazami mjane kama mgeni katika nyumba ya mume wake, lakini sheria hiyo inabaki mjini kwenye makaratasi, na kikao cha mashemeji kiko uani. Ndiyo sababu kumkumbuka Mama Masika kama mke si jambo dogo. Ni kusema kwamba ndoa yake ilikuwa ya kweli, na kwamba hakuna kikao kilichoweza kuifuta.

Alikuwa mama. Aliwazaa watoto wake, kisha akafungua mlango kwa wengine. Inajulikana kwamba aliwachukua watoto 18 kuwa wake, wengi wao wakiwa wamezaliwa na mama waliobakwa na ambao familia hazikuwataka. Namba 18 inatamkwa haraka, lakini yeyote aliyelea watoto anaweza kufanya hesabu yake mwenyewe. Ni sahani 18 za foufou, ni malaria ya zamu, leo huyu kesho yule. Ni kuamua ugomvi wa nani alikula sambaza ya mwenzake, na kutafuta kalamu na daftari wakati shule inafunguliwa. Mama anayeishi hivyo hawezi kuwa amekaa siku nzima akilia. Nyumba yenye watoto wengi ina makelele, ina utani, na kuna yule mmoja anayewachekesha wote mpaka mama anashindwa kumkaripia.

Na kulikuwa na shamba. Shirika lake, lenye kujulikana kwa herufi APDUD, lilipokea wanawake waliobakwa na kufukuzwa. Inahesabiwa kwamba zaidi ya 6,000 walipata msaada kwake. Wengi walitibiwa, walisikilizwa, kisha walipewa jembe. Filamu iliyotengenezwa na Mwingereza Fiona Lloyd-Davies mwaka 2013, yenye jina "Seeds of Hope", ilionyesha kazi hiyo ya kulima pamoja. Mgeni anaweza kudhani jembe ni njia ya kupata chakula tu. Mama wa Kivu anajua zaidi. Shambani ndipo mahali ambapo wanawake wanasema yote. Mmoja anaanzisha wimbo, mwingine anaitikia, wa tatu anamcheka jirani ambaye mstari wake umepinda. Mwanamke ambaye nyumbani hakuna anayemsalimia, shambani anapata mtu wa kumtania. Mama Masika alijua kwamba mtu aliyevunjika hapone kwa dawa peke yake. Anahitaji wenzake, kazi ya mikono na sababu ya kucheka.

Novemba 2012, wakati jeshi lilipokimbia Goma na kufika Minova, wanawake na wasichana wengi walibakwa na wanajeshi waliopaswa kuwalinda. Walipotafuta pa kwenda, wengi walikwenda kwake. Miaka miwili kabla ya hapo, Amnesty International ya Marekani ilikuwa imempa tuzo ya Ginetta Sagan. Lakini waliobisha mlango wake mwaka ule hawakufika kwa sababu ya tuzo. Walifika kwa sababu kulikuwa na mama ndani.

Kuna watakaosema: kuzungumza juu ya kicheko na sahani za chakula ni kupunguza uzito wa uhalifu. Mahakama inahitaji ushuhuda, mashirika yanahitaji habari za mateso ili kupata pesa za dawa, na dunia isiposikia vilio haitume kitu. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Haki haiwezi kupatikana kama jeraha halisemwe, na Mama Masika alitumia maisha yake kuhakikisha kwamba linasemwa. Lakini mahakama ina mahali pake na matanga yana mahali pake. Anayetaka kujua uzito wa kilichoibwa lazima kwanza ajue kilichokuwepo. Mwanamke asiye na chochote katika habari yake ila mateso anakuwa kama aliyezaliwa kwa ajili ya mateso, na msikilizaji wa mbali anaanza kufikiri kwamba mama wa Kongo ndivyo walivyo. Sivyo walivyo.

Jambo hili linawahusu sana wale waliohama. Katika kambi zilizokuwa kandokando ya Goma, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine, wazee wengi walikufa mbali na migomba yao. Matanga yalikuwa ya siku moja, pengine ya saa chache, kwa sababu hapakuwa na uwanja wa kukaa wala mbao za kuchoma moto wa usiku. Kasha lilitafutwa kwa michango ya franga mia mbili, mia tano. Februari 2025 kambi zilipovunjwa na watu kuambiwa warudi walikotoka, makaburi yalibaki nyuma. Wajukuu waliondoka na magodoro na masufuria kichwani, na wengine hawatajua tena ni wapi nyanya yao amelala. Minova yenyewe, ambako Mama Masika alifanya kazi, ilifikiwa na vita Januari mwaka ule, na waliokuwa wamekimbilia huko kutoka Masisi walilazimika kukimbia tena.

Kaburi likipotea, kinachobaki ni habari. Habari hiyo haigharimu franga hata moja, lakini inaomba mtu aichukue mapema. Mzee akiwa bado anaongea, mjukuu anaweza kukaa karibu naye jioni na kumuuliza: "Nyanya, siku ya ndoa yenu mulikuwa munaimba nini? Kijiji chenu kilikuwa mbele ya mto gani? Babu alikutongoza namna gani?" Simu ndogo yenye uwezo wa kurekodi inatosha. Asiye na simu, daftari la shule linatosha: jina lote, jina la mama yake, kijiji, mwaka, watoto aliowazaa na aliowalea, chakula alichokipika kuliko wote, mtu aliyependa kumtania. Na siku ya matanga, hata kama ni matanga ya saa moja, baada ya sala asimame mmoja aseme ni nini kilimchekesha marehemu. Watu watalia, na katikati ya kulia watacheka. Si kumkosea heshima.

Nao wanaofika na vinasa sauti na makaratasi ya kujaza, wawe wa redio, wa mashirika au wa serikali, wanaweza kubadili swali la kwanza. Kabla ya kuuliza "ulifanyiwa nini?", waulize "ulikuwa unaishi namna gani?" Inachukua dakika tano. Mama anayejibu swali hilo ananyoosha mgongo, anatengeneza kitambaa chake cha kichwa, na anaanza kutaja miti ya uani kwake mmoja baada ya mwingine.

Mama Masika atajwe kwa mateso yake, ndiyo, na waliomtesa watajwe kwa aibu yao. Lakini katika nyumba za Minova, Sake na Bukavu, watoto wanapouliza alikuwa nani, wajibiwe kwa mpangilio wa haki: alizaliwa Katana, aliolewa, alizaa, alilea watoto wake na wa wengine, alilima pamoja na wenzake, alipata wajukuu. Vita vilimkuta njiani, na hata vilipomwangusha aliendelea kupika kwa ajili ya watu wengi.