Masomo tisa si sifa: Darasa la mwisho la 8-4-4, pigeni hesabu kabla ya kujaza fomu

Juzi nilipanda matatu kutoka Embu kwenda nyumbani Meru, dada yangu mdogo akiwa kando yangu na begi lake la shule. Ilikuwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Tukapita Runyenjes bila neno. Tulipofika Chuka akatoa fomu iliyokunjwa mara nne, akaniwekea magotini.

"Bro, nijaze ngapi? Saba, nane ama tisa?"

Yuko Kidato cha Tatu. Ukihesabu vizuri utajua maana yake: hawa ndio wa mwisho. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Baada yao, 8-4-4 inafungwa kama kibanda cha jioni. Swali la "saba, nane ama tisa" ambalo limesumbua vijana wa Kenya kwa miaka mingi, wao ndio watakaolijibu mara ya mwisho.

Nilitaka kumjibu papo hapo. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho anayefaa kujitia mtaalamu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Lakini labda ndiyo sababu ninafaa kuandika haya. Aliyeanguka kwenye shimo anajua liko wapi.

Mimi nilifanya masomo tisa. Sikulazimishwa na mtu. Shuleni kwetu, aliyebeba tisa alionekana mwamba, na aliyebaki na saba alionekana ameshindwa. Mzee wangu naye, anayeuza ndizi Gakoromone, alikuwa akiwaambia wateja wake, "Kijana wangu anafanya tisa." Kwake ilikuwa kama kuwa na ng'ombe wengi: ukiwa na tisa, maziwa hayawezi kukosa.

Tatizo la ng'ombe tisa ni nyasi.

Tupige hesabu basi. Chukua mwanafunzi mwenye prepu ya saa tatu kila usiku, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 900. Ukigawa kwa masomo tisa, kila somo linapata dakika 100 kwa wiki. Ukigawa kwa saba, kila somo linapata karibu dakika 129. Tofauti ni karibu nusu saa kwa kila somo, kila wiki, kwa miaka miwili. Kwa mtu ambaye Kemia inamkalia kooni, hiyo nusu saa si mchezo.

Halafu kuna karatasi zenyewe za mtihani. Kiingereza karatasi tatu, Kiswahili tatu, Hisabati mbili. Biolojia, Kemia na Fizikia ni tatu kila moja, pamoja na zile za maabara. Jiografia mbili, CRE mbili, Biashara mbili. Jumla ni karatasi 23. Mwenye saba, akiacha Fizikia na Jiografia, anakalia 18. Mimi nilikalia zote 23, na wiki ya mwisho nilikuwa nikiingia chumba cha mtihani kama mtu anayetembea usingizini.

Na kitu ambacho hakuna aliyeniambia waziwazi: hata ukifanya tisa, KNEC inahesabu saba tu. Alama ya juu ya somo moja ni pointi 12, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 84. Ukifanya saba ni 84. Ukifanya tisa ni 84 hiyo hiyo. Hakuna pointi za bidii wala za kubeba mzigo.

Mimi nilipata pointi 55, yaani B-. Watu walinipongeza, na kweli nilikuwa nimepita C+ ya kuingia chuo kikuu. Lakini masomo mawili yalitupwa kwenye hesabu, na moja lilikuwa Fizikia, ambako nilipata C-. Kwa jumla yangu, Fizikia haikuniumiza hata kidogo. Lakini mimi nilikuwa nataka uhandisi. Na kwenye uhandisi, Fizikia ndiyo mlango wenyewe.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopigwa chenga. Kuna mizani mbili, si moja. Ya kwanza ni gredi yako ya jumla, ile masomo saba. Ya pili ni klasta, ambayo KUCCPS hutumia kukupa kozi: masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo, pointi 48 kwa ukamilifu. CRE yangu ya B+ na Biashara yangu ya B ziliniinua kwenye mizani ya kwanza. Kwenye ya pili, hazingeweza kunifungulia mlango wa uhandisi. Nikapelekwa kozi ambayo sikuwahi kuiota, nikaisoma kwa shingo upande mwaka mmoja na nusu, karo ikaanza kuchelewa, moyo ukakatika, nikafunga virago. Deni la HELB halikufunga virago pamoja nami.

Sisemi masomo tisa ndiyo yaliyonitoa chuoni. Mambo yalikuwa mengi, na mengine ni makosa yangu mimi mwenyewe. Lakini dakika nilizowapa Jiografia na Biashara ndizo Fizikia ilizokosa. Hilo silitilii shaka.

Sasa kuna upande wa pili, na ni haki kuusikiliza. Kuna watakaosema: basi chukua saba, ulale vizuri. Ngoja kwanza. Ukifanya saba, yote yanahesabiwa. Ukiugua malaria siku ya karatasi moja, ama mtihani wa somo moja ukukatae, huna pa kujificha. Tangu KCSE ya mwaka 2023, gredi ya jumla inatokana na Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano uliyofanya bora. Kwa hivyo mwenye nane anaruhusiwa kuteleza mara moja, mradi asitelezee Hisabati. Mwenye saba haruhusiwi. Lugha zote mbili zinahesabiwa, apende asipende.

Tena, una miaka 16 ama 17. Ni wangapi kati yetu tulijua tunachotaka tukiwa na umri huo? Ukipunguza masomo mapema, unafunga milango kabla hujajua nyuma ya kila mmoja kuna nini. Hiyo ni hoja nzito. Na wapo pia wale vichwa ambao tisa kwao ni kama maji ya kunywa. Kama wewe ni mmoja wao, na alama zako za mihula iliyopita zinathibitisha, si maneno ya wajomba, endelea, hatukuzuii.

Ila kwa wengi wetu, msimamo wangu ni huu: chukua nane, na hilo la nane lichaguliwe kwa akili.

Somo la nane ni spea taya. Na spea inafaa tu kama inaingia kwenye gari lako. Kubeba gurudumu la lori ndani ya Probox ya miraa hakukusaidii chochote ukipata pancha njiani Maua. Wengi huchagua somo la nane kwa sababu mwalimu wake ni mpole, ama marafiki wote wameingia hapo. Hiyo si spea, ni mzigo tu.

Chukua dada yangu kama mfano. Anataka uuguzi. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima, hazina mjadala. Biolojia na Kemia anazihitaji. Ana CRE na Kilimo. Hayo ni saba. Swali likabaki: la nane liwe Jiografia, ambayo anapata B bila jasho, ama Fizikia, ambayo anapata C+ kwa jasho?

Moyo wake ulikuwa kwa Jiografia. Hata mimi ningemwambia hivyo kabla sijaumia. Lakini tulifungua simu hapo hapo kwenye matatu tukaangalia klasta ya kozi za afya: Biolojia, Kemia, kisha Hisabati ama Fizikia, na lugha. Hisabati ndiyo inayomtesa. Kumbe Fizikia inaweza kusimama mahali pa Hisabati kwenye klasta yake! Jiografia ingemwongezea pointi kwenye gredi. Fizikia inamwekea mlango wa pili kwenye kozi anayoitaka. Spea inayoingia ni Fizikia.

Kwa mwingine jibu litakuwa tofauti kabisa. Anayetaka ualimu wa lugha hana sababu ya kujiua na sayansi tatu wakati mbili zinatosha. Ndiyo maana nasema usininakili mimi, wala dada yangu, wala prifekti wa bweni lenu. Anza na kozi tatu ambazo ungezipenda, rudi nyuma uangalie klasta zake, andika masomo yanayojirudia. Hayo usiyaguse. Yanayobaki ndiyo ya kupunguza.

Na kama tayari umejaza tisa na unazama, bado hujachelewa. Usajili wa KNEC hufanywa mwanzoni mwa mwaka wa Kidato cha Nne. Nenda kwa mwalimu wa masomo, mweleze ukiwa na alama zako mkononi. Watakaokucheka watasahau baada ya wiki mbili. Karatasi ya matokeo utaishi nayo.

Na ninyi wa Gredi ya 10 mnaosoma mkidhani hii ni hadithi ya wazee? Ninyi serikali imewaamulia idadi: masomo ya lazima, kisha matatu ya kuchagua kwenye mkondo wako, uwe wa STEM, Sayansi za Jamii ama Sanaa na Michezo. Hakuna mashindano ya nani amebeba mengi. Lakini msifurahi mapema. Mwenye tisa akikosea moja, ana mengine ya kumshikilia. Mwenye matatu akikosea moja, amekosea theluthi nzima. Kwenu swali si "ngapi" bali "gani", nalo ni gumu zaidi.

Ukitaka kujua kwamba wingi si ushujaa, waulize majirani. Tanzania, wa Kidato cha Tano na cha Sita husoma tahasusi ya masomo makuu matatu. Uganda nao ni makuu matatu. Hata hapa kwetu, kabla A-Level haijazikwa mwaka 1989, wazazi na wajomba zetu waliingia chuo kikuu kwa makuu matatu. Madaktari na mahakimu wa enzi hiyo hawakuwa wavivu. Walichimba chini badala ya kutawanyika juu.

Kitu kimoja zaidi kwa wale wa huku kwetu. Si lazima kila ndoto ipitie chuo kikuu. KMTC iko Meru na iko Embu. Meru National Polytechnic iko hapo hapo mjini. Lakini hata huko wanaangalia masomo maalum, si idadi. Anayetaka uuguzi wa diploma ataulizwa Biolojia. Hakuna atakayemuuliza alibeba masomo mangapi.

Tulifika nyumbani giza likianza. Baada ya chakula dada akampa Mzee fomu atie sahihi. Akasoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Nane?" akauliza. "Kaka yako si alifanya tisa?"

"Nilifanya, Baba," nikasema.

"Na ukaingia chuo kikuu."

"Nikaingia. Nikatoka."

Hatujawahi kuzungumza juu ya hilo mimi na yeye, si kwa maneno. Mathe aliacha kuosha vikombe. Nikachukua kalamu, nikamwonyesha ile hesabu ya dakika 900, kisha zile klasta mbili, yangu na ya dada. Nilipofika kwenye Fizikia yangu akaniangalia kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo ulikuwa unataka uhandisi," akasema. Si swali.

"Ndiyo, Baba."

"Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina zuri. Labda ni kwa sababu hakuna aliyeniuliza nataka kuwa nani. Kila mtu aliniuliza nafanya masomo mangapi, nami nikafikiri hilo ndilo swali.

Akatia sahihi. Fizikia iko kwenye orodha, Jiografia haipo. Dada alirudi Embu Jumapili, na huenda Fizikia bado itamtoa jasho. Lakini sasa anajua linamtoka kwa sababu gani.

Wazazi mnaosoma hapa: kabla hamjauliza "ngapi", ulizeni "za nini". Na wewe wa Kidato cha Tatu ambaye fomu bado iko kwenye begi, itoe leo usiku. Usiijaze peke yako.