Kutu ya Mvunguni na Ukaguzi Usioinama

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliikumbuka methali hii hivi karibuni nikiwa katika gereji moja mjini Morogoro, nikimtazama fundi bodi akigonga kizingiti cha gari langu, ile sehemu ya chini ya mlango tunayoivuka tunapoingia, kwa mpini wa bisibisi. Mlio ulikuwa mzito, kama wa debe lililojaa udongo. Akaigeuza bisibisi, akasukuma kidogo, nayo ikazama ndani bila ubishi. Nje, rangi iling'aa. Kwenye kioo ilibandikwa stika ya usalama barabarani ya mwaka huu. Gari lilikuwa salama kwa kila kipimo, isipokuwa kipimo cha bisibisi.

Siandiki kulililia gari langu. Naandika kwa sababu kizingiti kile kina ndugu zake katika daladala zinazopanda Uluguru kila alfajiri zikiwa zimesheheni watu. Hoja yangu ni moja: tumejenga utamaduni wa kukagua kinachoonekana, na gharama ya kisichoonekana tumemwachia abiria.

Tuanze na chuma chenyewe. Bodi ya gari ni mabati membamba yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa nukta za kulehemu, yakaacha mivungu ndani yake: vizingiti, nguzo za milango, mihimili ya chini, matumbo ya milango yenyewe. Kiwandani bodi huzamishwa katika birika la rangi ya msingi, lakini rangi hiyo huwa nyembamba, au haifiki kabisa, pale mabati mawili yanapobanana. Ndiyo maana watengenezaji huacha matundu madogo upande wa chini ili maji yatoke. Tope likiyaziba, mvungu hugeuka mtungi. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hutanua maungio na kuyafungulia maji mapya njia. Siku upele wa kwanza unapojitokeza juu ya rangi, ndani mambo yaliharibika zamani.

Wapo wanaosema kutu ni ugonjwa wa nchi za baridi. Hoja hiyo inasahau gari limetoka wapi. Mengi ya magari yetu ni mitumba ya Japani, na huko, katika maeneo ya theluji kama Hokkaido na Tohoku, barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Wajapani wenyewe hawafichi: katika karatasi za ukaguzi za minadani mwao, herufi S huandikwa penye kutu na C penye kutu iliyokwisha kula chuma. Ni wanunuzi wangapi wa huku wanaodai kuiona karatasi hiyo kabla ya kulipa?

Kisha gari hilo hupewa namba za usajili na kupelekwa Matombo, Kinole au Mgeta. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi na mvua karibu mwaka mzima. Pikapu hushuka kutoka Nyandira na kabichi na karoti zinazochuruzika maji, hurudi na mifuko ya mbolea ambayo vumbi lake nalo hula chuma, na udongo mwekundu hujikandika kila penye upenyo. Joto letu halikaushi kila kitu. Ndani ya mvungu uliozibwa, joto huiharakisha kutu.

Serikali za Afrika Mashariki zimejibu tatizo hili kwa kalenda. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi tunatoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Lakini umri si kutu. Gari la miaka 7 lililokulia kwenye chumvi ya Hokkaido laweza kuwa limeoza kuliko la miaka 12 lililotoka kusini mwa nchi hiyo hiyo. Ni kweli kwamba Shirika la Viwango hukagua mitumba inayoingia nchini. Lakini gari huingia mara moja, na baada ya hapo huishi kwenye mvua zetu kwa miaka mingi.

Angalieni tunachokijali. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, na LATRA yaweza kujua basi limekimbia kilomita ngapi kwa saa. Barabarani, askari hutazama taa, matairi, leseni na stika. Yote ni mema. Lakini mkanda wa usalama tunaoshurutishwa kuufunga umeshikizwa kwenye nguzo, sakafu au kizingiti. Mahali hapo pakioza, mkanda umefungwa kwenye kutu. Uingereza, katika ukaguzi wa kila mwaka, gari hukataliwa ikiwa kutu imedhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali mkanda, breki au springi zinaposhikizwa. Kanuni hiyo haihitaji setilaiti. Inahitaji mkaguzi, tochi, na utayari wa kulala chini ya gari.

Nasi wenye magari tusijitakase. Dawa zetu mbili tunazozipenda ni uongo. Ya kwanza ni puti na rangi: fundi hulehemu bati jipya juu ya lililooza, moto huunguza kinga ya upande wa ndani, kisha puti hufunika kila kitu, na kutu huanza upya nyuma ya urembo. Ya pili ni kupuliza oili chafu chini ya gari. Oili hiyo imebeba metali na masizi yenye sumu, hulainisha mipira, na mvua ikinyesha huoshwa hadi mtoni. Ngerengere hupita Morogoro na kuingia Ruvu, na Ruvu ndiyo hunywesha Dar es Salaam. Tunaokoa chesisi kwa kuchafua kisima cha mamilioni.

Njia ya kweli ni nyepesi. Zibua matundu kwa kijiti laini, si kwa waya unaokwangua rangi. Osha mvungu kwa maji safi, uache ukauke kabisa. Kisha puliza ndani nta maalumu kwa mrija mrefu wenye vitundu nchani. Nta hiyo hupenya kwenye maungio, hubaki laini, na huyazuia maji yasikifikie chuma. Rudia kila baada ya miaka michache. Ukipaka lami nzito juu ya chuma chenye unyevu, umeufungia adui ndani.

Basi nadai mambo manne. Ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya abiria uhusishe vizingiti, mihimili na maeneo ya mikanda, na matokeo yaandikwe kwa maneno, si kwa stika tu. Muuzaji wa mtumba ashurutishwe kumpa mnunuzi karatasi ya mnada. Mikataba ya matengenezo ya magari ya umma itaje kinga ya mivungu kwa jina, maana gari la mradi linalooza ni kodi inayooza. Na vyuo vyetu vya ufundi vifanye majaribio: nchi hii huuza nta ya nyuki ng'ambo; wanafunzi wa uhandisi watueleze ni kwa mchanganyiko gani inaweza kuikinga Hiace ya Matombo.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma: aya ya mkataba mnaweza kuiandika kesho, haingoji Bunge. Kwa wanafunzi: mkipanda daladala, tazameni sakafu chini ya miguu yenu, na mkiiona barabara kupitia tundu, shukeni, mseme kwa sauti. Nami fundi ameniambia kizingiti cha upande wa kushoto bado kinaokoleka. Jumamosi nitalala chini ya gari na kijiti changu cha mwanzi.