Mpango Bila Nyumba

Hesabu za serikali ya Uingereza za mwezi Machi 2025 zaonyesha kwamba kaya zaidi ya 130,000 katika nchi ile, ukiacha Uskoti na Wales, zilikuwa zikiishi katika makao ya muda yaliyotolewa na mabaraza ya miji na wilaya. Ndani ya kaya hizo mlikuwamo watoto zaidi ya 165,000. Wala hawa si wale walalao vibarazani mwa maduka na chini ya madaraja, ambao huhesabiwa mbali. Hawa ni watu waliofika katika ofisi ya baraza, wakahojiwa, ikathibitika kwamba kweli hawana makazi na kwamba sheria yalilazimisha baraza kuwasaidia. Wamo miongoni mwao watu waendao kazini kila asubuhi, ambao kosa lao ni kwamba mwenye nyumba alitaka chumba chake.

Jambo hili lafaa kutazamwa na wafanyakazi wa kila nchi, kwani Uingereza haikukosa sheria wala mipango. Mwaka 1966 sinema moja ya televisheni, iliyoonyesha mume na mke wakitenganishwa na hatimaye mama akinyang'anywa watoto kwa kukosa nyumba, iliitikisa nchi nzima. Mwaka 1977 Bunge likapitisha sheria ya kuyalazimisha mabaraza kuwapatia makazi wenye watoto, wajawazito, wazee, wagonjwa na walioharibikiwa na moto au mafuriko. Mtu mzima mwenye afya na asiye na mtoto hakupewa haki hiyo. Sheria ya 2002 ikaliagiza kila baraza kuchunguza hali ya wasio na makazi katika eneo lake na kutoa mpango mpya kila baada ya miaka 5. Na tangu Aprili 2018 afisa hana budi kuketi na mwombaji na kumwandikia mpango wake mwenyewe, kisha kujitahidi kwa siku 56 ili asiondolewe alipo, na siku nyingine 56 kumtafutia pengine akiwa amekwisha ondolewa.

Karatasi, basi, zipo tele. Kilichopungua ni nyumba, na hazikupungua kwa ajali.

Tangu sheria ya 1919 mabaraza ya Uingereza yalikuwa wajenzi wakubwa. Katika mwaka 1953 peke yake yalijenga nyumba zaidi ya 200,000, na kufikia miaka ya 1970 kaya moja katika kila tatu hivi ilikuwa mpangaji wa baraza. Msomaji asidhani kwamba nyumba hizi zilikuwa kama kota, ambazo mtu huzitoka siku anapoacha kazi. Mpangaji wa baraza alikaa humo maisha yake yote, mradi alipe kodi. Ndipo mwaka 1980 serikali ya Bibi Thatcher ikatoa sheria iliyompa mpangaji wa miaka 3 haki ya kuinunua nyumba yake kwa bei iliyopunguzwa kwa theluthi moja, na aliyekaa miaka 20 akapunguziwa nusu nzima. Hatumlaumu mfanyakazi aliyenunua. Nani angekataa? Lawama yetu yawaendea waliotunga sheria, kwani mabaraza yalizuiwa kutumia sehemu kubwa ya fedha za mauzo kwa kujenga nyingine mahali pake. Nyumba karibu milioni 2 zikaondoka hivyo. Nyingi zimeishia mikononi mwa wapangishaji, na imeonekana katika London baraza likipanga kwa kodi kubwa nyumba ile ile lililoiuza kwa bei ndogo, ili kumhifadhi humo asiye na makazi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Baraza lenye wajibu wa kumpa mtu nyumba, na lisilo na nyumba, limekuwa mpangaji kama wapangaji wengine, tena mpangaji mwenye haraka, na kila mwenye gesti ajua hivyo. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 mabaraza yalitumia pauni bilioni 2.8 kwa makao ya muda. Serikali kuu huwarudishia sehemu, lakini kipimo kilichotumika kwa sehemu kubwa ya makao hayo hata mwaka 2025 kilikuwa asilimia 90 ya kodi za Januari 2011. Kodi za leo, marejesho ya miaka 14 nyuma! Pengo hujazwa kutoka fungu la bustani, maktaba na taka. Mwaka 2023 baraza la Hastings, mji wa pwani ya kusini, lilionya waziwazi kwamba mzigo huo waweza kulifilisi.

Mzigo ukiwa mzito hivyo, sheria nayo hupindika. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi ya ofisi nyingi kumwambia mpangaji aliyepewa ilani akae pale pale mpaka watu wa mahakama wafike mlangoni, ingawa gharama za kesi zamwangukia yeye. Na lipo shauri lililofika Mahakama Kuu Kabisa mwaka 2015. Baraza la Westminster, katikati ya London, lilimpa mama mmoja mwenye watoto 5 nyumba karibu na Milton Keynes, mbali na shule za watoto na marafiki waliomsaidia katika ugonjwa wake. Alipokataa, baraza likasema wajibu wake umekwisha, na watoto wakagawanywa katika nyumba za walezi. Ni kisa kile kile cha sinema ya 1966, na sasa kimepitia katika sheria iliyotungwa kukikomesha. Majaji walimpa mama ushindi. Wakasema kwamba yafaa kila baraza liwe na mpango, uliopitishwa na madiwani na kuwekwa wazi kwa wananchi, wa namna ya kupata makao ya kutosha na namna ya kuyagawa.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuipanua sheria. Uskoti ilifanya hivyo, nasi twaisifu, kwani kufikia mwisho wa 2012 iliondoa ubaguzi kati ya mwenye mtoto na asiye naye. Hata hivyo mwezi Novemba 2023 Edinburgh na Glasgow zote mbili zilitangaza hali ya hatari ya makazi. Haki ilipanuka, nyumba hazikupanuka nayo. Mji wa Helsinki wamiliki sehemu kubwa ya ardhi yake na maelfu ya nyumba za kupangisha, ndiyo maana Ufini, ilipoamua mwaka 2008 kumpa mtu nyumba kwanza na ushauri baadaye, ilikuwa na nyumba za kutoa. Idadi ya wasio na makazi ikashuka miaka mingi, ijapokuwa mwaka 2024 ilipanda tena.

Serikali ya Labour imeanza kurekebisha. Novemba 2024 ilipunguza sana nafuu ya bei kwa wanunuzi wa nyumba za mabaraza, na mwaka 2025 ilitangaza pauni bilioni 39 kwa miaka 10 za kujengea nyumba za kodi nafuu, na ikapitisha sheria ya kumzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila sababu. Hatua hizi ni njema. Twangoja kuona, katika mipango ya miaka 5 ambayo kila baraza lapaswa kuiandika, kama ukurasa wa kwanza utataja nyumba ngapi baraza litajenga na kuzishika mkononi mwake, viwanja vyake viko wapi na kodi yake itakuwa shilingi ngapi kwa mshahara wa mpishi au wa mfagizi. Mipango mingi hadi leo yaanza na idadi ya maafisa wa ushauri.