Bando Ikiisha Ghafla, Angalia Kompyuta Inatuma Nini

“Nimenunua GB moja, nimewasha hotispoti nitume barua pepe moja tu, dakika ishirini hivi bando hakuna. Nirudishieni pesa yangu.”

Malalamiko ya aina hii tunayaelewa, kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kulalamika hivyo hivyo. Wawili wetu katika timu hii tunapanga nyumba moja Kiamunyi, hapa Nakuru, na kulikuwa na miezi miwili laptopu ya nyumbani ilikuwa inakula bando kama mbuzi aliyeachwa shambani. Kwanza tukalaumu kampuni ya simu. Halafu watoto wa jirani, tukabadilisha neno la siri la hotispoti. Mwishowe, na hii ni aibu, tukaanza kuulizana nani hapa anaangalia video usiku.

Hakuna aliyefikiria kuiuliza kompyuta. Na kuiuliza ni rahisi. Kwa kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika resmon, fungua programu itakayotokea, kisha ingia sehemu iliyoandikwa Network. Utaona orodha ya programu zinazotumia intaneti saa hiyo. Funga kila kitu ulichokuwa unafanya, acha orodha iendelee, tazama. Kuna safu ya Receive, yaani kinachoingia, na ya Send, kinachotoka. Wengi huangalia kinachoingia, kwa sababu ndicho kinachomaliza bando haraka. Sisi tunaona kinachotoka kinastahili macho zaidi. Kompyuta isiyofanya kazi yoyote inamtumia nani nini?

Yetu ilikuwa na mambo matatu. La kwanza lilikuwa Windows yenyewe ikijiapdeti. Hapo pia kuna kitu kinaitwa Delivery Optimization, ambacho kinaweza kuchukua vipande vya masasisho vilivyo kwenye kompyuta yako na kuzitumia kompyuta nyingine. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 watu wengi walilalamikia jambo hilo, na kwa haki, maana anayelipia intaneti kwa GB hapaswi kuwa ghala la wengine. Unaweza kukizima kwenye mipangilio. La pili lilikuwa picha zetu zikipanda kuhifadhiwa mtandaoni, tena video za harusi nzima. Hilo tulijifanyia wenyewe.

La tatu lilitunyamazisha. Kulikuwa na programu yenye jina la kufanana na la printa, na sisi hatujawahi kuwa na printa. Ilikuwa inatuma muda wote, kidogo kidogo, bila kupumzika. Tulipoangalia tarehe iliyoingia, ilikuwa siku ileile fundi mmoja wa mjini alipotuwekea programu za ofisi zisizo na leseni. Shilingi 500 zote, tukaondoka tukijiona wajanja.

Fundi wa pili alitueleza kwamba programu kama hizo ziko za namna nyingi. Nyingine hukodisha intaneti yako, watu usiowajua wanapitia kwako mtandaoni wakionekana ni wewe. Nyingine hukusanya maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari. Yetu ilikuwa ya namna gani hatukuweza kusema, na hapo ndipo suala la bando likaisha umuhimu.

Kwenye laptopu hiyo kulikuwa na faili ya chama. Mama wa mmoja wetu ni mweka hazina wa chama cha akina mama huko Bahati, na sisi ndio humpigia hesabu. Majina, namba za simu, namba za vitambulisho, nani ametoa ngapi na zamu ya nani inafuata. PIN ya mtu haikuwemo. Lakini tapeli mwenye jina lako, simu yako na namba ya kitambulisho haanzi tena na bahati nasibu. Anakupigia akikuita kwa jina kamili, anataja chama chako, anasema mchango wako umekwama. Au anajaribu kubadilishiwa laini yako.

Tulizima hotispoti. Tukabadilisha maneno ya siri ya barua pepe kwa kutumia simu, si kwa laptopu hiyo hiyo, kosa ambalo watu hulifanya sana. Fundi akaifuta yote na kuweka Windows upya.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mama. Yeye hakutaka chama kijue. “Mkiwaambia, hizo pesa nani ataniachia tena?” Tulibishana jioni nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia data za watu kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 zikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara. Mama akauliza kama chama cha akina mama ni benki. Swali zuri, lakini kwetu sisi hoja ilikuwa nyingine: wale ndio watakaopigiwa simu, si sisi. Jumapili alisimama akawaambia mwenyewe. Kwamba anayepiga akitaja chama asipewe PIN wala namba ya siri iliyokuja kwa SMS, akatwe, halafu mwenye simu ampigie mweka hazina kwa namba anayoijua.

Sasa, kuna ushauri unaozunguka mitaani kwamba dawa ya bando ni kuzima masasisho ya Windows kabisa. Tunaupinga. Unaokoa shilingi na kuacha mlango wazi, na laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa mjini bado zina Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ziko nyuma tayari. Afadhali uingie mipangilio ya mtandao wa hotispoti yako, uwashe Metered connection. Kompyuta itajua bando inahesabiwa na kuahirisha sehemu kubwa ya mizigo mizito, kisha uiapdeti siku una Wi-Fi isiyopimwa. Na kama programu ya ofisi ni ghali, na ni ghali kweli, LibreOffice ni ya bure na ni halali.

Mama hakupoteza uweka hazina. Ila hesabu za chama sasa ziko kwenye daftari, na kila tukienda Bahati anatuuliza, bila kucheka, kama ile kompyuta yetu imepona.