Mayai ya chatu si mayai ya kuku



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wasomaji wa mijini huenda wakalicheka, lakini kwetu Unyamwezi halichekeshi. Nazungumzia chatu wanaofugwa na vikundi vya ngoma, na hasa mayai yao.

Mtu aliyekulia Tabora, Sikonge au Nzega hahitaji kuelezwa Wayeye ni nani. Ndio wacheza ngoma na nyoka shingoni, na ndio wenye dawa ya kuumwa na nyoka. Chama chao ni cha zamani. Kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, wapagazi walilala porini miezi mingi, na mwenzao aliyejua nyoka hakuwa mtu wa kudharauliwa. Hata wageni waliliona jambo hili. Mmarekani Carnochan alifika Tanganyika mwaka 1926 katika msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya bustani ya Washington, na mwaka 1935 yeye na mwenzake Adamson wakachapa kitabu kizima juu ya watu wa nyoka wa Unyamwezi. Hans Cory naye aliandika mwaka 1946 juu ya Wayeye wa Usukumani. Kwa hiyo asitokee mtu akaniambia kwamba huu ni ushenzi wa kufutwa.

Swali langu ni hili: chatu wa ngoma anatoka wapi? Anatoka porini. Akichoka au akifa, anatafutwa mwingine. Na ni chatu yupi aliye rahisi kukamatwa? Ni jike lililolalia mayai. Chatu jike wa huku kwetu hujikunja juu ya mayai yake ndani ya shimo la muhanga au kichuguu kwa miezi miwili au mitatu, hali chakula, anatoka tu kuota jua mpaka mwili upate moto, kisha anarudi kuyapasha mayai. Mayai 30 au 40 ni kawaida, na jike kubwa hupita hapo. Anayemtoa mama huyo shimoni hakuchukua chatu mmoja. Amechukua mmoja na kuwaua 40.

Tena wakati mwingine jike hukamatwa akiwa na mimba, akaja kutaga nyumbani kwa mwenyewe. Hapo ndipo huruma inapoingia. Mayai hutupwa, au watu hujaribu kuyatotolesha wasivyojua. Mwaka juzi niliitwa na jirani kuangalia mayai 31 aliyokuwa ameyaweka katika mashine ya kutotolesha vifaranga. Alikuwa akiyageuza asubuhi na jioni kwa uaminifu kama alivyofundishwa kwa kuku. Yote yalikuwa yameoza.

Ndugu zangu, yai la nyoka si yai la kuku. La kuku lataka joto la nyuzi 37 na nusu na hugeuzwa mara kadhaa kwa siku, na siku ya 21 kifaranga yuko nje. La chatu lataka nyuzi 30 hadi 32 tu. Joto la kuku linamuua. Na yai la nyoka likishalala siku moja au mbili halitakiwi kugeuzwa hata kidogo, kwa sababu mtoto amekwisha kujishikiza upande wa juu wa ganda, ukimpindua unamzamisha. Tia alama ya penseli juu ya kila yai ili ujue upande wake. Mayai yaliyogandana usiyabandue.

Jambo la pili ni unyevu, na hili ndilo litakalotusumbua zaidi Tabora. Ganda la nyoka ni laini kama ngozi, linakunywa maji na kuyapoteza. Kiangazi chetu kinajulikana, hata mlango unapasuka. Nilipokuwa mwalimu wa biolojia tulimkuta nyoka wa nyumba, yule wa kahawia asiye na sumu anayekula panya, akitaga kwenye rundo la matofali. Tuliyaweka mayai kwenye mtungi wenye mchanga uliochemshwa, wenye unyevu kiasi kwamba ukiufinya kwa kiganja haudondoshi maji. Tukaufunika mtungi kwa kibao chenye matundu, tukauweka pembeni mwa chumba, kipimajoto ndani. Maji tuliongeza kwenye mchanga, kamwe si juu ya yai. Usiku wa baridi tulizungushia chupa za maji ya moto nje ya mtungi. Siku ya 66 walitoka 9 kati ya 11. Kwa mayai ya chatu mtungi hautoshi, lakini boksi jeupe la kuhifadhia samaki linafaa sana, maana halipotezi joto upesi.

Yai likibonyea mapema, mchanga umekauka. Likibonyea mwishoni, mtoto anakaribia. Atalichana mwenyewe na kukaa kichwa nje siku nzima au mbili akimalizia kiini. Asivutwe! Watu wengi wanaharibu kazi ya miezi kwa haraka ya saa moja.

Lakini naonya kwa nguvu zote: usitotoleshe yai ambalo hukumwona aliyelitaga. Koboko hutaga, fira hutaga, na watoto wao wana sumu tangu siku wanayotoka. Kijana anayeokota mayai kwenye kichuguu na kuyaweka chini ya kitanda anacheza na roho za watoto wa nyumba ile. Atakayeyakuta mayai porini ayaache palepale.

Kuhusu sheria, kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na biashara ya chatu kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa. Nakubaliana na hayo. Ninachoomba ni kwamba TAWA na maofisa wa wilaya waviite vikundi vya ngoma, viandikishwe, na chatu wao wahesabiwe. Jike likitaga nyumbani, ofisa ajulishwe, mayai yatotoleshwe, kikundi kibaki na watoto wawili watatu, na waliobaki warudishwe pori lile alikotoka mama. Wapo watakaosema kwamba tunafungua mlango wa magendo. Magendo hustawi mahali ambapo hakuna daftari. Hapa naomba daftari. Watoto 40 hawafugiki nyumbani hata kidogo, kwani kila mmoja huzaliwa na urefu wa nusu mita na akikua hupita mita tatu. Kwa hiyo hata mwenye kikundi atafurahi wakiondoka.

Wakati huohuo iwe marufuku kabisa kumtoa jike shimoni akiwa juu ya mayai, na marufuku hiyo itangazwe kwa Kinyamwezi na Kisukuma pia, kwa kuwa wanaohusika hawasomi matangazo yabandikwayo ofisini.

Kazi ya kufundisha nitaifanya mimi bila malipo. Napatikana siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, na mtungi wangu bado ninao.

Mwalimu Mstaafu,
Ng'ambo, Tabora